Chuma, Alumini na Ndugu Yangu

Sogeeni, wanangu. Sogeeni hadi niwaone bila kunyanyua kichwa, maana shingo yangu imeanza mgomo wake, na aliye na simu mkononi aiweke kifudifudi juu ya kabati isije ikatukatiza katikati ya maneno ambayo sina pumzi ya kuyarudia. Mkubwa, kaa kwenye hicho kiti cha plastiki. Najua ofisini umezoea kinachozunguka, lakini hicho nacho kina miguu minne na hakijamwangusha mtu. Dalali, kitinda mimba wangu, simama hapo mlangoni kama kawaida yako, mguu mmoja ndani na mwingine nje, ila masikio yote mawili yawe humu ndani. Na wewe, binti yangu, acha kunipepea. Maisha yangu yote nimeinamia injini zinazochemka na joto halikuniua. Kitakachoniua ni hili pafu, na daktari ameshalipa jina refu kuliko pumzi iliyobaki ndani yake.

Basi sikilizeni. Nimewaita niseme nani atachukua nini, na hasa niseme habari ya gari, kwa sababu ninajua kwamba Jumamosi anakuja yule Bwana Kofia kulitazama, na ninajua kwamba mmeshakubaliana naye bei kabla mimi sijakubali kufa.

Msitazamane. Ninyi wenyewe ndio mliohamishia kitanda changu hapa dirishani, mkasema mzee apate hewa, na dirisha hili linatazamana na mlango wa karakana. Hewa nimeipata, na habari nimezipata pamoja nayo.

Juzi mlikuja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikasikia mizani ikiburutwa kwenye sakafu, nikasikia Dalali akisema, "Hilo dude nalo beba, linatujazia nafasi tu," na yule mtu akisema, "Shika huko, bwana, litanikata vidole," kisha kitu kikatupwa juu ya lori, kikalia. Hakikulia kama bati wala kama ndoo. Kililia mlio mrefu, safi, kama kengele ya shule. Chuma kizima hulia hivyo ukikigonga. Chenye ufa hutoa sauti ya kopo. Nimegonga vichwa vya injini kwa nyundo ndogo tangu nikiwa kijana, nikisikiliza kipi kizima na kipi kimekufa, na sikuhitaji kuinuka nijue ni kipi mlichokitupa. Niliita. Niliita kwa sauti niliyonayo, ambayo ni hii hii, na lori likawashwa.

Mkubwa, unafungua mdomo. Ufunge, mwanangu. Nafasi ya kuzungumza utaipata nikishazikwa, tena itakuwa ndefu.

Ngojeni kwanza niwaeleze mlichouza, maana sidhani kama mnakijua. Kichwa cha injini ni lile pande la juu linalofunika bloku yenye silinda, mahali ambapo petroli na hewa huwaka na valvu hufungua na kufunga. Gari letu lina vichwa viwili. Kimoja ni cha chuma, kilitoka nacho kiwandani, cheusi, kizito, kina namba iliyogongwa ubavuni inayofanana na namba ya injini. Kingine ni cha alumini, cheupe, chepesi, alikileta baba yenu mdogo. Kabla hili pafu halijanilaza nilikuwa nimekifungua kile cha chuma ili nisafishe valvu, nikakiacha juu ya benchi. Kile cha alumini kilikuwa chini ya benchi, kimefungwa kwa turubai. Mkaingia ninyi, mkaona kimoja kina kutu na masizi, kingine kinang'aa kama sufuria mpya, mkaamua kinachong'aa ndicho chenye thamani. Nilimsikia Mkubwa kwa masikio yangu: "Hiki kizuri tukipanguse, mnunuzi akija akione."

Gari lile tulilinunua mimi na mdogo wangu kwa mjane wa mpima ardhi, wakati wewe, Mkubwa, bado unatambaa. Lilikuwa limelala bandani, kuku wanatagia kiti cha nyuma, na yule mama hakutaka faida. Alitaka kuku wake wapate nafasi zaidi. Hata siku hiyo lilikuwa zee tayari. Taa za mviringo kama macho ya mtu aliyegutushwa usingizini, usukani mpana kama sinia, na injini ya silinda nne iliyopangwa mstari mmoja, ambayo ukiisikiliza ikiwa imetulia unaweza kusinzia. Tulilifufua sote wawili. Mimi nilikuwa na mashine ya kusaga vichwa na yeye alikuwa na mikono, na sisemi hivyo kwa kumpaka mafuta, kwa sababu simpendi. Nasema kwa kuwa ni kweli.

Tatizo lake alikuwa na haraka. Alisoma majarida ya wageni waliokuwa wakishindana mbio za magari, akanijia siku moja amebeba kichwa cha alumini begani kama mtu aliyebeba mto wa kulalia. "Kaka," akaniambia, "hicho chako ni cha enzi za treni. Kikipata moto kinaung'ang'ania kama mtoto na pipi. Hiki kinaupokea na kuuachia." Nikamwambia, "Na bloku iliyo chini yake ni ya chuma. Utawaozesha vipi hawa wawili?" Akacheka. "Wataelewana ndani ya nyumba."

Sasa sikilizeni vizuri, maana wote watatu mmekula ugomvi huu utotoni bila kujua mnachokula. Chuma ni kizito na kizembe. Kinachelewa kupata moto na kinachelewa kupoa, na kwa kuwa kinautunza moto, ukiibana sana petroli na hewa ndani yake vitawaka kabla ya wakati wake na injini itagonga kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi. Kwa hiyo unabana kiasi, na nguvu unayopata ni ya kiasi. Lakini kinatanuka sawasawa na bloku yake na kusinyaa sawasawa nayo, kwa hiyo gasketi inayoziba katikati yao inakaa kwa amani miaka na miaka. Valvu inakalia chuma chenyewe. Maji yakiisha njiani, kinakupa muda wa kugundua, kuegesha, kutukana na kutafuta kisima.

Alumini unaibeba peke yako. Inautupa moto haraka, kwa hiyo unaweza kubana zaidi, na gari ambalo jana lilikuwa linapanda mlima likiomba msamaha, leo linaupanda likipiga mluzi. Hilo sikatai. Sijawahi kulikataa, ingawa baba yenu mdogo atawaambia nilikataa. Lakini inatanuka kuliko bloku iliyo chini yake, kila ikipata moto inasugua gasketi, kila ikipoa inasugua tena. Valvu haziwezi kuikalia hivi hivi, lazima uzichomekee pete za chuma kigumu. Ukikaza nati kwa hasira unang'oa nyuzi za tundu lake. Ukitia maji ya bomba yasiyo na dawa ya kutu, alumini na chuma vinaanza kulana ndani kwa ndani, na juu huoni kitu. Na zaidi ya yote, kichwa cha alumini hakifunguliwi kikiwa cha moto. Ukilegeza nati kingali cha moto kinapinda, na kikishapinda hakifuniki tena.

Tulifanya majaribio. Mlima mmoja, ule wa kwenda hospitali ya zamani, petroli ile ile, dereva yule yule, kwanza na kichwa hiki kisha na kile. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikaa kiti cha nyuma. Tulimwambia ni matembezi. Yeye baadaye alisema alitumika kama gunia la mchanga. Tuliporudi tukamuuliza, kwa heshima zote, tofauti aliionaje. Akasema, "Cha kwanza kilinifikisha. Cha pili kiliniwahisha. Sasa nirudisheni nyumbani, nimeacha sufuria jikoni." Kila mmoja wetu akatoka pale akiamini mama yenu yuko upande wake.

Na kwa vile mdogo wangu alinizidi kelele, tukafunga cha alumini, na mimi nikaenda ofisi ya magari kutoa taarifa kama sheria inavyotaka. Ofisi ile ile, Mkubwa, ambayo leo unakuta kiti chako kinakungojea. Bwana wa dirishani alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo gari limepungua uzito?" Nikasema limepungua. "Kilo hizo zimekwenda wapi?" Nikasema ziko juu ya benchi karakanani. "Ziko kwa kibali cha nani?" Nikamweleza kwamba ni kichwa cha injini, kimetolewa, kimewekwa kingine. Akaniangalia kwa huruma. "Mzee," akasema, na wakati huo sikuwa mzee, "gari lililosajiliwa na kilo zake haliwezi kuwa na kilo nyingine mahali pengine." Ikabidi nikibebe kile cha chuma nimpelekee dirishani athibitishe kwamba kipo. Akakigonga kwa kalamu, akaridhika, akanipigia muhuri. Wakati mwingine, Mkubwa, ninapokusikia ukisema na watu kwenye simu, ninamsikia yule bwana. Nilikusomesha uondokane na grisi. Sikujua ninakupeleka upande wa pili wa dirisha.

Nipe maji, binti yangu. Kidogo tu. Asante.

Sasa ile siku. Idara ya magari ya serikali ilikuwa inatafuta karakana ya kuhudumia magari yake, na kamati ikaja kututembelea. Mwenyekiti, katibu, na mtu wa tatu ambaye hadi leo sijui cheo chake, ila ndiye aliyekula kuliko wote. Kazi ile ingetutoa. Tungejenga karakana ya haki, tungeajiri watu, na ninyi mngekulia nyumba yenye zaidi ya tofali moja ukutani. Mdogo wangu akamchukua mwenyekiti kwenye gari letu, akampandisha ule mlima na kumshusha, na bwana yule alirudi ana uso wa mtoto aliyetoka kwenye bembea. "Siri ni nini?" anauliza. "Kichwa cha alumini, mheshimiwa." "Naweza kukiona kwa ndani?"

Nikasema mimi, "Utakiona, mheshimiwa, ngoja injini ipoe, tule kwanza." Mwenyekiti akatazama saa yake. "Nina kikao."

Hayo maneno mawili, wanangu. Nimesikia watu wakisema waliharibiwa maisha na vita, na pombe, na uchawi. Sisi tuliharibiwa na kikao. Mdogo wangu akachukua spana. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hicho si chuma." Akanijibu kwa sauti ya chini, meno yamebana, "Kaka, usinitie aibu mbele ya wageni." Nikamwambia tena, safari hii kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, akaanza kulegeza nati. Vya chuma tulikuwa tumevifungua vya moto mara nyingi tu, mikono ikiungua, na havikutudai kitu. Mikono yake ilikuwa imelelewa na chuma. Akili yake ilijua chuma na alumini, mikono ikajua chuma peke yake.

Mwenyekiti akachungulia, akasema "safi sana", kama wasemavyo watu wasioona wanachokitazama. Tukarudisha kichwa, tukakaza kwa spana ya kipimo, kuanzia katikati kwenda kingoni kama inavyotakiwa, tukawasha. Mvuke ukatoka ubavuni kote. Maji yakamrukia katibu kwenye suruali. Barua yao ilikuja baada ya muda, nzuri kabisa, imepigwa chapa, inasema injini ilionekana "kutokwa na jasho lisilo la kawaida" na kwamba kamati "imeridhika kuwa haikuridhika". Hicho kikao chenyewe, nilikuja kuambiwa na katibu, kiliahirishwa.

Ningeweza kuyameza hayo. Kilichonishinda ni jioni yake, mbele ya mama yenu na majirani, mdogo wangu aliposimama pale karakanani akasema, "Ni wewe. Nati zinalegezwa kuanzia kingoni, nami najua hivyo. Ulinipigia kelele nikababaika nikaanza katikati. Ulitaka nishindwe ili chuma chako kishinde." Kwamba nilitaka. Kwamba mimi, niliyemfundisha kushika spana, niliuza mkate wa watoto wangu ili nishinde ubishi. Nilikwenda kununua tofali, tukaanza kugawa karakana kwa ukuta, na kabla ukuta haujafika kiunoni yeye alikuwa ameshahama. Gari akaniachia. Kile kichwa kilichopinda akakiacha juu ya benchi, akasema, "Kaa nacho. Kikukumbushe." Kana kwamba mimi ndiye mwenye kusahau.

Tangu hapo tumezungumza mara moja tu. Alikuja kumzika mama yenu, akasimama upande wa pili wa kaburi, amezeeka vibaya, hilo lilinifariji kidogo, na watu walipoanza kutawanyika akaniuliza, "Bado unacho kichwa changu?" Nikasema, "Kipo." Akasema, "Haya." Akaondoka.

Alichokuwa hakijui ni kwamba nilikuwa nimeshakinyoosha. Nilikichukua baada ya mwaka wa hasira, nikakiweka kwenye mashine, nikakisaga mkato mwembamba baada ya mkato mwembamba hadi rula ilipolala juu yake na mwanga haupiti chini. Nikabadilisha pete za valvu. Nikakipaka grisi nikakifunga turubai. Msiniulize ni kwa nini. Siwezi kulala nyumba moja na kitu kilichopinda, basi, hiyo ndiyo sababu, na kama kuna nyingine sijaitafuta. Kisha nikarudisha kile cha chuma kwenye gari na nimeliendesha nacho hadi mwaka jana, polepole, likinifikisha.

Sasa mtu wenu wa Jumamosi. Mlidhani simjui? Bwana Kofia alikuja hapa mwaka jana, Dalali, ulipokuwa unauza viwanja ambavyo havipo. Alivua kofia, akalizunguka gari mara tatu, akainama akasoma namba ya kichwa, akasoma na ya injini, akakigonga kwa kidole na kusikiliza, nikajua huyu si mjinga. Akaniambia, "Mzee, magari ya namna hii yapo. Yenye kichwa yalichozaliwa nacho ndiyo hayapo. Bila hiki, hili ni pambo la bustani." Nilikataa kumuuzia. Ninyi mkamfuata kwa siri, mkakubaliana, halafu kwa mikono yenu wenyewe mkampa mwenye lori kitu pekee alichokuwa anakitaka, ili karakana ionekane nadhifu.

Mnacheka? Hamcheki. Mimi nilicheka, peke yangu, nusura nife siku hiyo hiyo.

Nilimtuma dada yenu akakifuate. Alikwenda kwa miguu, kwa kuwa mlikuwa mmechukua pikipiki kwenda kusherehekea. Akakikuta uwanjani kwa mnunuzi, kimevunjwa vipande vitatu kwa nyundo kubwa, kwa sababu tanuri lao lina mdomo mdogo. Alumini ingepinda, na kilichopinda kinasagwa. Chuma cha namna ile hakijui kupinda. Kinavumilia, kinavumilia, kisha kinavunjika, na kikishavunjika hakuna fundi wa kukiunga kikashika maji. Na msianze kunong'onezana kwamba mzee anajisema mwenyewe. Mimi nimepinda mara nyingi sana katika maisha yangu, nimepinda kwa wateja, kwa maafisa, kwa ada za shule zenu. Nawaeleza habari ya chuma.

Kwa hiyo ubishi wa maisha yangu umekwisha, wanangu. Sikushindwa na mdogo wangu, wala mlima, wala ile kamati. Nimeshindwa na wanangu na mizani ya vyuma chakavu. Kichwa kilichobaki ni chake.

Ngojeni... ngojeni kidogo. Nivute pumzi.

Haya, sikilizeni mgao. Nyumba hii ni ya wote watatu kwa pamoja. Haiuzwi mpaka wote watatu mseme ndiyo, mkiwa chumba kimoja, mnatazamana usoni, na nikiwajua vizuri hilo litailinda nyumba kuliko wakili yeyote. Karakana ni ya binti yangu. Mkubwa, najua, hajui kichwa cha injini wala hahitaji. Yeye ni fundi cherehani, na ile karakana ina mwanga mzuri kuliko vyumba vyote, dirisha la mashariki na dirisha la kaskazini. Atoe benchi, apige sakafu deki mpaka harufu ya oili iishe, aweke cherehani zake. Mashine ya kusagia auze kwa fundi, si kwa dalali. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiniuliza kama nimelala, bila kutaka kujua nitalala mpaka lini. Mkubwa, wewe una mshahara, na una kiti. Dalali, saa yangu ya mkononi ni yako, ukiiuza usiniambie.

Gari lipelekeni kwa baba yenu mdogo.

Nyamazeni. Nimesikia. "Lakini baba." Lakini baba nini? Mtalifanyia nini? Mmoja atalitafutia kibali na mwingine mteja, na kuku watarudi kiti cha nyuma. Halina thamani tena kwa Bwana Kofia, na mwenye lori mmeshamjua njia, kwa hiyo najua lingeishia wapi. Baba yenu mdogo ndiye mtu mmoja tu duniani ambaye akilifunua atajua anachotazama. Ananichukia, nami nimemchukia kwa moyo wote, tena kwa muda mrefu kuliko nilivyompenda mtu yeyote. Lakini siku zote hizi, kila nilipokaza nati nilikuwa nabishana naye kichwani, namwambia tazama, tazama hii ilivyokaa. Ninyi ndio damu yangu, na hakuna hata mmoja wenu niliyewahi kupata raha ya kubishana naye. Mlikuwa mnasema "sawa, baba", mnaondoka.

Sijamsamehe. Msiende kumwambia nimemsamehe, maana mtakuwa mnasema uongo juu ya maiti, na yeye hatawaamini. Mwambieni kichwa chake kimenyooka. Akiweke mwenyewe. Maji atie yenye dawa. Mkubwa, utakwenda wewe, kwa miguu yako, si kwa kutuma mtu, na barua ya kubadilisha mwenye gari utaiandika siku hiyo hiyo, bila kuuliza kilo zimekwenda wapi. Dalali, utalivuta kwa kamba, polepole, na usisimame njiani kuzungumza na mtu yeyote.

Mkifika atauliza. Namjua. Hatauliza niliumwa nini wala nilizikwa wapi... Atauliza kama nilikubali. Kama mwishoni nilikubali kwamba alumini ni bora.

Nipeni mkono. Huu wa nani? Wa binti. Na wa Mkubwa uko wapi... baridi mkono wako, mwanangu, kama wa karani. Dalali, ingia ndani. Ingia, mwanangu, leo uingie miguu yote miwili. Hapo. Hapo hapo.

Mungu awafikishe. Awape kazi ambayo mikono yenu itaijua... hata mtu akiwaharakisha. Awape mtu wa kubishana naye, asiyechoka. Msichukiane kwa ajili yangu, tafuteni sababu zenu. Nawaachia radhi yangu, nzima, kila mmoja kivyake... siigawi.

Fungueni dirisha lote.

Na akiuliza... mwambieni hapana. Mwambieni sikukubali. Aje... aje kaburini anibishie.